Miaka saba kwenye seva ya mashabiki: nilivyoiona ikifa mikononi mwetu (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye. Nimeuandika mara tatu nikaufuta. Safari hii nautoa ulivyo, kwa sababu wiki hii nimeona tena tangazo la vijana wanaofungua seva mpya ya gemu ileile tuliyoihangaikia sisi. Wanatafuta wasimamizi wa kujitolea, wanatafuta mafundi, wanatafuta wachoraji, na katika tangazo zima hawajasema popote funguo za mashine atashika nani.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kawaida miaka mitatu, halafu moda, yaani msimamizi mdogo, halafu msimamizi kamili hadi mwisho. Jina la seva sitalitaja, wala la mwanzilishi wake. Waliokuwepo wataitambua kabla hawajafika katikati.

Kwa wageni wa mambo haya: gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi ina pande mbili. Upande mmoja uko kwenye kompyuta yako, yaani picha, sauti na ramani. Upande wa pili uko kwa kampuni, na huo ndio unaojua una upanga gani, una dhahabu kiasi gani, na yule bosi, adui mkubwa wa pangoni, amebakiza uhai kiasi gani. Kampuni ikizima upande wake, wewe unabaki na nyumba isiyo na watu. Wanachofanya mashabiki ni kuuandika upya ule upande wa pili, kwa kusikiliza mazungumzo kati ya programu na seva, pakiti (kipande cha data) moja baada ya nyingine, mpaka waelewe kila moja inasema nini. Ni kazi ya miaka. Watu wa SWGEmu, mradi wa mashabiki wa gemu ya Star Wars Galaxies, walianza 2004, gemu hiyo ikiwa bado inaendeshwa na wenyewe. Ikazimwa Desemba 2011 na mashabiki wakaendelea kujenga. Gemu nyingine, City of Heroes, ilizimwa Novemba 30, 2012, watu wachache wakaiendesha kwa siri kwa miaka, siri ikafichuka 2019, na Januari 2024 NCSOFT, kampuni yenye gemu, yenyewe ikawapa Homecoming, seva ya mashabiki, leseni. Kwa hiyo atakayesema seva za mashabiki hazidumu nitambishia. Na yetu ilikuwa na kila sababu ya kudumu.

Ilikuwa na watu kwanza. Jioni ukiingia unakuta zaidi ya mia tatu, na gemu ya zamani kama ile mia tatu ni wengi, kila pango lina kelele. Mgeni akiingia hajui pa kwenda, mtu atatoka alikokuwa amfuate mpaka kwenye daraja la mji wa kwanza, ampe viatu na dawa, amwonyeshe njia. Hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo. Mimi nilipokelewa hivyohivyo, na viatu vile sikuviuza hata nilipofika leveli ya mwisho.

Sasa funguo. Mwanzilishi alikodi mashine kwa jina lake. Anwani ya tovuti iliandikwa kwa jina lake. Akaunti ya kupokea michango ni yake. Nywila ya mashine anaijua yeye peke yake. Mwanzoni hakuna aliyeona ubaya, maana hakuna mwingine aliyejitokeza kubeba ule mzigo, na yeye aliubeba bila kulalamika. Ilikuwa hisani, nasema kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba hisani ile ilikuja kugeuka umiliki, na hatukuwahi kukaa chini kuulizana imegeuka lini.

Ukurasa wa mbele wa tovuti ulikuwa na mstari wa kijani wa michango. Kila mwezi unaanza mtupu, watu wanachanga, unajaa. Ukijaa maana yake kodi ya mashine ya mwezi ule imetimia. Tulikuwa tunaushangilia kama goli. Mwaka wangu wa pili wa usimamizi ukawa unajaa kabla ya tarehe kumi, na michango inaendelea kuingia. Mchezaji mmoja, mtu wa tangu siku ya kwanza, mpole sana, akauliza: kinachozidi kinakwenda wapi? Aliuliza hivyo tu, na akamalizia kwa kushukuru.

Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu mstari ukaondolewa kwenye tovuti. Aliyeuliza akanyamazishwa siku thelathini kwa kosa la kuchochea. Wakuu, kitufe cha kumnyamazisha nilikibonyeza mimi. Niliambiwa nikibonyeze, nikabonyeza, nikaenda kulala. Hilo jambo halijanitoka mpaka leo, na ndilo hasa linalonifanya niandike.

Duka likafuata. Lilianza na rangi za nguo na wanyama wa kupanda, na hapo hakuna aliyenung'unika. Kisha zikaingia dawa za kupandisha leveli haraka. Kisha silaha. Wanaocheza mnajua kinachotokea baada ya hapo: kitu ambacho watu ishirini na wanne walikuwa wanakesha pamoja kukipata, mmoja anakipata akiwa peke yake, na wale ishirini na watatu hawana tena sababu ya kuitana. Wengi walisema silaha za duka ziliharibu uwiano wa mapigano. Zilifanya hivyo, lakini kwangu kubwa zaidi lilikuwa hilo la kuitana. Mojang, kampuni ya gemu ya Minecraft, waliliona mapema upande wao; 2014 walitoa masharti kwamba seva zisiuze nguvu za kumshinda mwenzako, mapambo ruksa, na wakaweka mwisho wa kujirekebisha Agosti 1 mwaka huohuo. Walipigiwa kelele sana na wenye seva. Nami nilikuwa upande wa wapiga kelele wakati ule.

Halafu kuna upanga. Bosi wa pango la mwisho aliudondosha kwa nadra mno hata tulikuwa na orodha: ndani ya miaka mitatu ulikuwa umedondoka mara kumi na moja, na majina ya wenyewe tuliyajua yote kwa kichwa. Asubuhi moja nikaona wa kumi na mbili. Umebebwa na mhusika mpya, wa ukoo wa mwanzilishi, yaani kundi lake la kuchezea ndani ya gemu. Msimamizi alikuwa na ruhusa ya kusoma kumbukumbu za amri, nikazifungua. Saa 9 na dakika 12 usiku, akaunti ya usimamizi, amri ya kuunda kitu, namba ya upanga ule, idadi 1. Dakika moja baadaye mstari wa pili, ngao, idadi 1.

Nilimfuata faragha. Sikutaka kumwaibisha. Akanijibu kwa maneno mawili: "Ni majaribio." Baada ya siku mbili wasimamizi wote tukaondolewa ruhusa ya kusoma kumbukumbu, kwa sababu za usalama. Upanga haukuondolewa.

Kuanzia hapo watu walipigwa bani, yaani kufungiwa wasiingie, bila mtu kujua kosa ni lipi. Chumba cha rufaa kikafutwa, pamoja na rufaa zote zilizokuwemo. Wachezaji wakaanza kuchunguzana: nani anaongea na nani, nani amepiga picha ya mazungumzo akapeleka juu. Daraja la mji wa kwanza likawa kimya kwa sababu kila mtu alihamia vyumba vya siri.

Pigo kubwa likaja na diski. Diski ya mashine ilikufa, jambo la kawaida, diski zote hufa. Tukasema bakapu, nakala ya akiba, ipo, kesho tumerudi. Kumbe bakapu ya kila usiku ilikuwa imesimama yenyewe tangu ile sehemu ya kuhifadhia ilipojaa. Mfumo ulikuwa unatuma onyo kila usiku bila kukosa, kwenye barua pepe moja, ya mtu mmoja, asiyeifungua. Nakala ya mwisho ilikuwa ya siku thelathini na saba nyuma.

Siku thelathini na saba. Kuna mchezaji alikuwa anakusanya vipande tisini vya ramani ya kale, kazi ya miaka miwili, hakuna mwingine aliyewahi kuikamilisha kwetu. Alikamilisha ndani ya siku hizo. Tulikusanyika darajani kumwona anaweka kipande cha mwisho, watu wengi hata mashine ikawa inaganda. Seva iliporudi alikuwa na vipande themanini na nane. Viwili tu vimepotea, angeweza kuvitafuta tena. Aliingia, akasimama palepale darajani, akaandika "sina nguvu tena", akatoka. Sijamwona tangu siku hiyo.

Tangazo la pole lilikuwa na mistari minne. Fidia walipewa walioifuata kwa mwanzilishi mmoja mmoja, na waliojua pa kumfuatia ni wa ukoo wake.

Yaliyobaki ni mafupi. Mia tatu ikawa mia moja na ushee. Ili kuvuta watu ikafunguliwa seva ya pili yenye kuanza upya kila msimu, ikawagawa hao waliobaki. Hesabu ya wachezaji kwenye tovuti ikaanza kujumuisha wahusika walioachwa sokoni wakiuza vitu usiku kucha wenyewe wamelala, kwa hiyo tovuti inasema mia mbili na wewe unazunguka mji mzima hujibiwi salamu. Mwisho kabisa ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki, nikabonyeza kuingia, programu ikasema seva haipatikani. Nikadhani ni matengenezo. Kodi ya mashine ilikuwa imeisha. Hakuna tangazo lililotoka, mpaka leo.

#2

Pole sana mkuu. Nimesoma yote. Miaka yote hiyo niliamini kampuni ndiyo iliwaandikia barua ya wanasheria, kwa sababu ndivyo ilivyosemwa.

#3 – Mleta uzi

Ndivyo ilivyosemwa mkuu, na sisi wasimamizi hatukukanusha. Barua haikuwepo. Barua ikija watu hujua. Nostalrius, ile seva ya World of Warcraft ya zamani, walipata barua kweli; wakawatangazia wachezaji wao siku chache kabla, wakafunga Aprili 10, 2016, wakiwa na akaunti zilizosajiliwa kama 800,000. Wachezaji wakapata nafasi ya kuagana. Ombi lao likavuka sahihi 200,000, Blizzard, kampuni yenye gemu, wakaketi na waendeshaji wale, na Novemba 2017 wakatangaza wataileta wenyewe gemu ile ya zamani. Ilifunguliwa Agosti 2019. Seva yenyewe ilikufa, lakini ilikufa na heshima yake, na kilio cha wale watu kilisikika.

Na upande wa duka, huo ndio unaotia hatarini hasa. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani iliamuru mwendeshaji wa seva nyingine ya gemu hiyohiyo, aliyekuwa akiuza vitu vya ndani ya gemu, ailipe Blizzard zaidi ya dola milioni 88. Sisi tulikuwa tunauza panga huku tunajiambia sisi ni mashabiki tu.

#4

Mleta uzi, kwa heshima zote, unamwonea yule bwana. Nilikuwepo tangu mwanzo kabisa, kabla yako. Miaka miwili ya kwanza alilipa mfukoni mwake. Seva ikianguka usiku ni yeye anaamka. Alitukanwa kila siku na watoto wasiolipa chochote. Mwandikie na hayo.

#5 – Mleta uzi

Mkuu, nakubali, na nashukuru umeyaweka. Niliyaona hayo. Niliwahi kumkuta usiku wa manane anajibu lalamiko la mtu aliyesahau nywila mara ya nne, anajibu kwa upole. Nadhani alichoka muda mrefu kabla ya diski kufa, na mtu aliyechoka akiwa peke yake na funguo hana wa kumwachia hata akitaka kupumzika. Tulimwomba mara mbili amkabidhi fundi wetu mkuu nywila ya mashine iwe ya akiba. Mara ya kwanza alisema atafikiria. Mara ya pili aliuliza ni nani anayetaka kumpindua.

Lakini kuchoka hakuandiki amri ya upanga saa tisa usiku. Hapo siwezi kurudi nyuma.

#6

Mimi ndiye niliyekuwa naandika msimbo, yaani maandishi ya programu ya seva, mleta uzi ananijua. Niongeze upande wa kiufundi, maana kuna swali tuliulizwa sana: kwa nini hamkuondoka mkaanzisha yenu?

Tulijaribu. Msimbo tulikuwa nao wote, programu za seva za mashabiki kama MaNGOS na rAthena huwa na leseni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutumia msimbo wake, na wetu ulikuwa hivyohivyo, kila fundi ana nakala nzima kwake. Kilichokosekana ni hifadhidata ya wahusika. Leveli, vitu, urafiki, barua, vipande vya ramani, vyote viko kwenye majedwali yale, na majedwali yalikuwa kwenye mashine ambayo nywila yake anayo mtu mmoja. Kwa hiyo tulifungua seva safi kabisa, dunia ileile, na kumwambia mtu aliyecheza miaka mitano aanze na fimbo ya mbao. Walikuja themanini siku ya kwanza. Wiki ya tatu walikuwa kumi na moja. Katikati hapo tulipigwa mashambulizi ya DDoS, ya kuifurika seva kwa maombi mengi mpaka ianguke, usiku tatu mfululizo. Sijui ni nani na sitamtaja mtu. Vita vya kuangushana kati ya seva si vipya, hata Mirai, ile programu hasidi iliyotikisa intaneti 2016, ilitoka kwa vijana waliokuwa kwenye biashara ya kushambulia na kulinda seva za Minecraft.

Jambo jingine ambalo mleta uzi hakuligusa. Wasimamizi waliofukuzwa hawakuwa wanaondolewa ruhusa zao zote. Niliwahi kukuta akaunti ya mtu aliyeondoka mwaka mzima nyuma bado inaingia kwenye hifadhidata. Hapo mna barua pepe na nywila za watu. Club Penguin Rewritten, seva ya mashabiki wa gemu ya watoto ya Club Penguin, ilivujishiwa akaunti zaidi ya milioni nne Julai 2019, wengi wao watu waliojiunga wakiwa watoto. Sisi hatukuvujishiwa kwa sababu tulikuwa wadogo, sidhani kama kuna sababu nyingine.

#7

Suluhisho ni kura. Wachezaji wapige kura kila jambo, admini atekeleze tu.

#8 – Mleta uzi

Mkuu, nami niliwahi kuamini hivyo, mpaka niliposoma habari za LambdaMOO. Ule ni ulimwengu wa maandishi uliofunguliwa 1990 na Pavel Curtis. Desemba 1992 wasimamizi wake, waliojiita wachawi, walichoka kuamua magomvi ya watu wakatangaza kwamba wao sasa ni mafundi tu, jamii ijiamulie yenyewe. Ukaja mfumo wa maombi na kura. Mwaka 1996 wachawi walewale wakarudi wakasema wazi kwamba haikuwezekana, kila kazi ya ufundi ilikuwa inageuka kuwa uamuzi juu ya watu.

Nimelifikiria sana hilo. Anayeweza kuzima mashine ana kura moja inayozishinda zote, hata asipoitumia. Kwa hiyo mimi siulizi tena kama kuna kura. Nauliza nywila wanazo wangapi, na kama akifa mmoja wao leo usiku kesho watu wanaingia.

#9

Sisi ndio tuliotoa lile tangazo unalolisema. Tumesoma yote, hatujakasirika. Tuko watano. Kwa sasa kila kitu kiko kwa mmoja wetu kwa sababu ndiye mwenye uzoefu. Tuanze na nini?

#10 – Mleta uzi

Nimefurahi mmejibu, wadogo zangu. Anzeni na bakapu, leo, kabla hamjaandika hata kanuni moja. Iende nje ya mashine yenu, kila usiku, na onyo likitokea lifike kwa wote watano. Halafu mara moja kwa mwezi ichukueni mkaifufue kwenye mashine tupu, muingie, mtembee, muone vitu vyenu vipo. Nakala ambayo hamjawahi kuifufua msiihesabu. Sisi hatukuwahi kuifufua hata siku moja kabla ya siku tuliyoihitaji.

Nywila ya mashine na umiliki wa anwani ya tovuti, watu wawili angalau. Michango, kilichoingia na kilichotoka, kiandikwe mahali kila mchezaji anapoona, hata kama ni kidogo cha kutia aibu. Amri za usimamizi zirekodiwe, na rekodi isomwe na mtu asiyeweza kuifuta.

Na huyo mwenzenu mwenye uzoefu, mwambieni hayo sasa hivi mkiwa bado marafiki. Mkisubiri mpaka kuwe na tatizo atasikia kwamba mnamshuku.

#11

Tumempa huu uzi. Anausoma.

Samahani mleta uzi, kuna aliyebaki na hifadhidata ya zamani? Kuna watu wanatuuliza kama wahusika wao wanaweza kurudi.

#12

Mimi nina msimbo wote hadi wiki ya mwisho, nitawapa. Wahusika sina.

#13 – Mleta uzi

Nami sina. Nilimwandikia mwanzilishi mara tatu baada ya kufungwa, nikimwomba majedwali tu, si kingine. Barua zinafika, hazijibiwi.

Nilichonacho ni picha ya skrini ya siku ile darajani, tulipokuja kuona kipande cha tisini kinawekwa. Nimehesabu majina yanayosomeka, ni sitini na manne. Nitayaandika yote niyatume kwenu. Wakija kujisajili na majina yaleyale, naomba msiwape watu wengine.